Kilo za kontena kwenye laini ya Likasi

Bwawa la Mwadingusha, kusini-mashariki mwa Kongo-Kinshasa, lililoziba mto Lufira na kuzaa ziwa Tshangalele, limekarabatiwa na tangu 2021 lina uwezo wa megawati 78. Kwa kompyuta ndogo zinazokula wati 15, huo ni umeme wa kompyuta milioni 5.2. Sehemu kubwa inalengwa kwa mgodi wa Kamoa-Kakula, sawa, lakini anayetaka kusambaza programu katika eneo hilo atabanwa kwanza na intaneti.

Tuseme vituo 20 vya afya kati ya mji wa Likasi na ziwa hilo vinatumia programu moja ya kusajili wagonjwa, imefungwa katika imeji ya kontena, yaani kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji, ya megabaiti 800. Laini ni megabiti 2 kwa sekunde. Megabaiti 800 ni megabiti 6,400, yaani sekunde 3,200: dakika 53, laini isipokatika. Toleo jipya kila wiki, vituo 20, ni gigabaiti 64 kwa mwezi. Kwa dola 1 kila gigabaiti, dola 64.

Ila imeji hujengwa kwa matabaka, na tabaka lisilobadilika halipakuliwi tena. Mfumo na maktaba vikikaa chini, na msimbo wa programu yenyewe, tuseme megabaiti 20, ukakaa juu, kila toleo linashuka kwa sekunde 80. Mwezi mzima ni gigabaiti 1.6, dola 1.60. Ukigeuza mpangilio, msimbo chini na maktaba juu, maktaba zote zinapakuliwa upya kila toleo. Mistari michache tu kwenye faili ya ujenzi!

Katika kupunguza mzigo huu wa laini, dalali wa huduma, yaani programu inayoziletea programu nyingine huduma zinazohitaji, husifiwa kupita kiasi. Kanuni ya Open Service Broker, iliyotangazwa Desemba 2016, inampa kazi za karani: kuonyesha orodha ya huduma, kuandaa huduma iliyochaguliwa, kuiunganisha na programu, kuitenganisha, kuifuta. Kampuni ya Red Hat ilifunga hata maelekezo ya kazi hizo ndani ya kontena inayofanya kazi yake na kuondoka, kisha OpenShift 4.2 ya 2019, toleo la jukwaa lake la kontena, ikaanza kumwacha dalali wake. Anaokoa saa za mafundi. Kwenye laini hapunguzi hata kilobaiti.

Kagua pia lebo, yaani jina la toleo la imeji. Imeji yenye lebo “latest”, Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena, kwa kawaida huiulizia kwenye ghala la imeji mtandaoni kila kontena inapoanza. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, programu ya kituo haianzi, ingawa imeji yote imo diskini. Andika namba ya toleo, mfano 1.4.2, nayo itaanza na iliyopo.