Kupima Kazi ya Fedha za Hisani

Ndugu Wanachama,

Baadhi yenu mmeuliza: mifuko ya hisani ikitusaidia, kisha wakaja watu wenye madaftari kupima faida yake, tuwajibu nini? Jambo hili lina mafunzo katika Milima ya Uluguru, Morogoro, ambako nako karafuu hupandwa.

Mwaka 1950 serikali ya Kiingereza ilianzisha huko mpango wa kuhifadhi ardhi. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, na aliyekataa alishtakiwa. Kipimo cha kazi kikawa matuta yaliyochimbwa. Lakini wenye mashamba waliona udongo mzuri umefukiwa, na ule wa chini usio na rutuba umetokea juu. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Kuhesabu matuta bila kutazama mavuno ni sawa na kupima karafuu pamoja na makonyo yake.

Mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianza huko huko mpango wa hiari. Wakulima walilipwa ili wazuie udongo usiingie katika mito inayomwaga maji Ruvu, maji yanayonywewa Dar es Salaam. Huu ulikuwa uungwana zaidi, ila kipimo chake ni kigumu. Tope la mtoni hupungua polepole, na fedha za wafadhili huwa za miaka michache. Anayepima kwa haraka atahesabu matuta tena, si maji.

Kuna na mengine. Kwanza, mara nyingi mpimaji hulipwa na aliyetoa fedha au aliyezitumia. Pili, mkulima anayetumaini msaada wa mwakani huogopa kusema kweli. Tatu, ili kujua tofauti, huulizwa pia wasiosaidiwa. Hao hupoteza siku yao ya kazi bila kupata kitu. Nne, ripoti husomwa ng'ambo, wenye mashamba wasiambiwe lililoandikwa.

Kwetu pishi hupimwa mbele ya mwenye shamba na mchumaji, wote wawili wakiona. Basi mpimaji akija, tumwulize: Nani amekutuma? Wapima nini? Je, mtu aweza kukataa asidhurike, na jina lake likafichwa? Utarudi lini kutusomea uliyoandika? Asiyeweza kujibu, tusimfungulie daftari letu.

Fedha za hisani ni amana. Na maneno ya mkulima ni amana vile vile.

Wasalaam,
Katibu