Kipande na Nguvu ya Saini

Wakenya wengi, hasa wazee, wangali wanakiita kitambulisho cha taifa kipande. Jina hilo lilitokana na sheria ya mwaka 1915 ya kuwasajili Waafrika, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, iliyokunjwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Humo mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara na siku ya kuachishwa. Makali yote yalikuwa kwenye mstari huo wa mwisho. Ambaye hakutiwa saini ya kuachishwa hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na akiondoka alisakwa kama mtoro. Mwanaharakati Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya umati uliodai aachiliwe na kupigwa risasi na polisi Nairobi.

Mwaka 1947 usajili ulianza kuwahusu watu wa rangi zote, na kikebe kikatoweka. Kilichobaki ni uwezo wa afisa kudai ushahidi zaidi, ambao sheria ya usajili inautaja kwa maneno machache tu. Kutokana na maneno hayo kulizuka desturi nzima ya kupiga watu msasa. Kijana wa Kisomali au wa Kinubi alifikishwa mbele ya wazee, chifu na maafisa, mkononi ana kitambulisho cha mzazi, na pengine akaulizwa cha babu. Katiba ya 2010 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa yeyote ambaye mama au baba yake ni raia, babu hatajwi. Ila bila kitambulisho hakuna kura, akaunti ya benki wala laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo kikao kile kilikuwa na uzito zaidi kuliko Katiba yenyewe.

Utaratibu huo unagusa hata utamaduni, maana serikali huwahesabu watu kwa makabila. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016 kudai uraia. Walipopewa vitambulisho, walitangazwa pia kuwa kabila la 43 la Kenya.

Msasa wa ziada kwa wakazi wa kaskazini mashariki ulifutwa kwa tamko la rais lililotiwa saini Wajir, Februari 2025.