Faru Aliyezaliwa Ulaya na Mbung'o wa Nyumbani

Msafiri atokaye Tanga mjini akaelekea kusini, akapita Tongoni na magofu yake, akavuka mto kule Pangani na kuendelea hata Mkwaja, huwa anapita katika nchi ambayo tangu zama za mababu mwenye amri ndani yake si mtu wala simba, bali ni mbung'o. Kule Mkwaja, kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Amboni ilifuga maelfu ya ng'ombe kwa gharama kubwa ya dawa za kinga, ikastahimili kwa takriban nusu karne, hata mwaka 2000 ranchi ikafungwa, nagana, maradhi yaletwayo na mbung'o, ikiwa miongoni mwa sababu zake, na ardhi yake ikaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Na jambo la kutafakari ni kwamba muda wote huo ambao ng'ombe walikuwa wakikonda na kufa, nyati, pongo na ngiri walikuwa wakilisha jirani yao, wakifyonzwa na mbung'o wale wale, wakibeba vimelea vile vile katika damu, na aghalabu wasidhurike.

Kwani mnyama wa porini hakuepushwa na maradhi. Amefanya nayo suluhu. Sehemu moja ya suluhu hiyo hurithiwa kwa nasaba, ambayo imechujwa na mauti ya vizazi visivyo na idadi. Sehemu ya pili haina budi kupatikana upya na kila mnyama, kwa kuumwa na mdudu angali mdogo, akaugua kidogo au asiugue kabisa, na damu yake ikamjua adui. Wafugaji wenye uzoefu wanalijua jambo hili kwa upande wa kupe: ndama hustahimili babesia, ile homa ya kukojoa damu, kuliko ng'ombe mzima anayekutana nayo kwa mara ya kwanza. Amma mnyama aliyezaliwa katika bustani ya wanyama, ameipata sehemu ya kwanza ya suluhu, lakini ya pili hakuipata.

Mwaka 2009 faru weusi watatu walisafirishwa kwa ndege kutoka bustani ya Dvůr Králové, katika Jamhuri ya Cheki, wakaletwa Mkomazi, hifadhi iliyotandaa kaskazini ya milima ya Usambara na Pare mpaka ipakane na Tsavo ya Kenya; mwaka 2012 wakafuata watatu wengine kutoka Port Lympne, Uingereza, na mwaka 2016 akaja jike mmoja, Eliska, kutoka bustani ile ile ya Dvůr Králové. Hofu ya watu wengi juu yao ni majangili, na hofu hiyo ni ya haki. Walakini tabibu wa wanyama hana budi kuwa na hofu ya pili, kwa sababu faru mzima, mwenye uzito wa tani nzima, aliyekulia katika nchi isiyo na mbung'o hata mmoja, anateremshwa akiwa na uchovu wa safari, na uchovu wenyewe hudhoofisha kinga, kisha anakutana kwa ghafla na tripanosoma, vile vimelea vya nagana, ambazo huharibu chembe nyekundu za damu mpaka mwili ukose nguvu.

Dawa ya hali hiyo ni subira. Faru wa namna hii hufaa akae kwanza ndani ya boma, mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi ikiwa imetegwa kandokando, ngozi yake ikipakwa dawa ya kuua wadudu, na damu yake ikitazamwa kwa hadubini mara kwa mara. Lakini asikingwe kabisa. Sharti aumwe, ila kidogo kidogo, na tiba iwe karibu ikiwa vimelea vitazidi, kwa maana mnyama anayelindwa na sindano daima hatajifunza lolote, na siku sindano itakapokosekana atakufa kama mgeni.

Na hata mwenyeji huweza kupoteza suluhu yake. Katika Kreta ya Ngorongoro, baada ya ukame mkali wa mwaka 2000, kupe walizidi mno, na faru, nyati, nyumbu na simba wakafa. Ndipo katika damu ya faru weusi waliokufa kikatambuliwa kimelea kipya, Babesia bicornis, kilichopewa jina hilo mwaka 2003. Wamasai walikuwa wamekwisha kuondolewa katika sakafu ya kreta tangu mwaka 1974, na desturi yao ya kuchoma majani makavu ikaondoka pamoja nao. Baada ya vifo hivyo wahifadhi wenyewe wakarudia kuchoma majani kwa mpango, ili kupe wapungue. Nasema wazi kwamba ilimu ya wafugaji ilistahili kuulizwa mapema zaidi.

Kuna upande wa pili wa habari hii, ambapo mnyama hakuhama ila maradhi yamemfuata. Virusi vya West Nile, ambavyo huenezwa na mbu, vilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1937 nchini Uganda, katika wilaya iliyovipa jina. Mwaka 1999 vikazuka New York, na waganga wa binadamu wakadhani ni homa nyingine ya ubongo inayojulikana huko. Lakini Tracey McNamara, tabibu wa bustani ya Bronx, alipoona heroe na ndege wengine wanakufa, na akijua kwamba homa ile iliyodhaniwa haiui ndege, alisisitiza kwamba wamekosea, na hatimaye ikathibitika kuwa alisema kweli. Bustani ya wanyama yenye tabibu makini, basi, huwalinda hata watu wanaoishi nje ya ukuta wake.

Hapa kwetu ilimu ya namna hiyo haiko mbali. Taasisi ya utafiti wa mbung'o iliyoko Tanga ndiyo iliyozalisha madume waliofanywa tasa kwa mionzi, wakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja kuanzia mwaka 1994, zaidi ya milioni nane kwa jumla. Na kwa kuwa jike wa mbung'o aghalabu hupandwa mara moja tu maishani mwake, aliyekutana na dume tasa hakuzaa tena, hata mbung'o wa mwisho wa kisiwa akakamatwa mwaka 1996. Bara hakuna bahari ya kuwazuia wengine wasirudi, kwa hiyo hikima ya Unguja haiwezi kuhamishiwa Mkomazi kama ilivyo. Lakini macho yaliyozoea kuhesabu mbung'o mtegoni na kutafuta tripanosoma katika tone la damu yapo hapo Tanga, na kwa maoni yangu yafaa kushirikishwa tangu siku faru anapochaguliwa huko Ulaya, wala si baada ya kuugua. Maana taabu hii ni ya kizazi kimoja tu: ndama azaliwaye Mkomazi hunyonya dang'a ya mama ambaye damu yake imekwisha kuwajua wadudu wa nchi, na huumwa na mbung'o wake wa kwanza akiwa na umri ambao mwili bado ni mwepesi wa kujifunza.