Kiungulia: Sababu Zake na Namna ya Kukituliza

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya adha moja ijulikanayo karibu katika kila nyumba, nayo ni kiungulia.

Mfikirini mkulima wa Nkowe, katika Wilaya ya Ruangwa, wakati wa korosho, tangu Oktoba hata Desemba. Huamka alfajiri, akanywa chai ya rangi, akashika njia ya shambani. Mchana hutafuna kipande cha muhogo, na labda hunywa kata ya uraka. Jioni hurudi na njaa ya kutwa nzima. Huwekewa ugali wa muhogo na mbaazi, au samaki wa kukaanga, naye hula mpaka mshipi hautoshi. Kisha, kwa kuwa mwili umechoka, hujinyosha papo hapo. Usiku wa manane huamka kifua kikiwaka moto, na maji makali yamemjia kooni. Kulipokucha huzilaumu mbaazi, au humlaumu mpishi. Lakini mara nyingi mbaazi hazina kosa, wala mpishi hana kosa. Kosa ni la kiasi alichokula, na saa aliyokula, na namna alivyolala.

Yafaa kwanza tujue moto huu watoka wapi. Sisi tukisikia kichefuchefu husema ya kuwa moyo umechafuka, na mtu wa kiungulia naye hushika kifua akasema moyo wamwungua. Lakini moyo haumo katika shauri hili. Chakula tumezacho hupita katika mrija uitwao umio, wenye urefu wa kama sentimita 25 kwa mtu mzima, hata kufika tumboni. Humo hukutana na maji makali yaitwayo tindikali, ambayo kazi yake ni kusaidia kukisaga chakula na kuua vijidudu vingi.

Habari hizi zilithibitishwa zaidi ya miaka 190 iliyopita, kwa ajali. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja jina lake Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bunduki ubavuni. Alipona, lakini tundu la tumbo halikuziba. Daktari wake, William Beaumont, alifunga vipande vya chakula kwa uzi, akavitia katika tundu lile, na kuvitoa tena baada ya muda ili aone vimekuwaje. Aliona jinsi maji ya tumbo yanavyoilainisha nyama na kuiyeyusha. Mwaka 1833 alichapa kitabu cha mambo aliyoyaona.

Basi mtauliza, mbona maji hayo hayaliunguzi tumbo lenyewe? Ni kwa sababu tumbo limepakwa ute mzito wa kulikinga. Umio hauna kinga kama hiyo. Kwa hiyo, mahali umio unapokutana na tumbo, pana msuli wa mviringo ambao hufunguka chakula kipite, kisha hujifunga, mfano wa kizibo cha kibuyu. Kizibo kikilegea, tindikali hupanda juu na kuunguza. Hicho ndicho kiungulia.

Sasa chukueni kibuyu chenye kizibo kilicholegea. Mkikijaza maji mpaka juu na kukilaza, maji yatamwagika. Mkikijaza nusu na kukisimamisha, hayatamwagika. Ndivyo ilivyo kwa mtu alaye sana kisha akalala mara moja.

Ziko na sababu nyingine. Chakula chenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, na hukilegeza kizibo. Tumbaku na pombe hukilegeza vile vile. Kahawa, pilipili, nyanya, ndimu na machungwa huwasumbua watu wengine, na wengine hawawasumbui. Kila mtu na ajichunguze. Kitambi, na mshipi uliokazwa mno, hulibana tumbo na kuisukuma tindikali juu. Tena vidonge vya maumivu, kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, vyaweza kulidhuru tumbo, khasa vikizoewa kila siku.

Waja wazito huteswa sana na kiungulia, kwa kuwa homoni za mimba hukilegeza kizibo, na mtoto anayekua hulisukuma tumbo. Akina bibi husema ya kuwa mama mwenye kiungulia atazaa mtoto mwenye nywele nyingi. Wengi tulicheka maneno hayo. Lakini mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani walitangaza habari za waja wazito 64 waliowachunguza, wakaona ya kuwa wale walioungua zaidi walielekea kuzaa watoto wenye nywele nyingi zaidi. Walidhani ya kuwa huenda homoni zilezile hufanya mambo yote mawili. Basi tusiwe wepesi wa kuwacheka wazee wetu.

Na tuje kwenye tiba. Dawa ya kwanza haina bei. Kula haba na haba: afadhali milo mitatu ya kiasi kuliko mlo mmoja wa kushindilia. Mkulima na achukue chakula cha mchana shambani, ili usiku asile cha kutwa nzima. Chakula cha jioni kiliwe mapema, saa mbili au tatu kabla ya kulala. Katika saa hizo mtu aweza kukaa na kuzungumza na watoto wake. Mwenye kitanda na atie matofali chini ya miguu ya upande wa kichwani, kiinuke sentimita 15 hata 20. Kurundika mito hakufai sana, maana hulikunja tumbo. Alalaye mkekani na alalie ubavu wa kushoto, maana hapo mdomo wa tumbo huwa juu ya tindikali. Mwenye uzito uliozidi na aupunguze, na mvutaji na aache tumbaku.

Wengine hulamba magadi au majivu. Ni kweli magadi hupunguza ukali kwa kitambo, lakini yana sodiamu nyingi, nayo yawadhuru wenye shinikizo la damu. Maziwa nayo hutuliza kidogo, kisha moto hurudi. Ziko dawa njema za dukani na za zahanati; lakini mwenye kuungua mara mbili au zaidi kwa juma, au anayenunua vidonge kila wiki, na aende akapimwe, asijitibu gizani.

Neno la mwisho ndilo kubwa, nami naomba mlishike. Si kila moto wa kifua ni kiungulia. Maumivu yanayobana kifua, yakaenda mkononi au tayani, pamoja na jasho na kupumua kwa shida, yaweza kuwa ya moyo wenyewe. Mgonjwa na apelekwe hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo kutapika damu, au kwenda choo cheusi kama lami. Tena, katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na Tanzania ikiwamo, saratani ya umio huonekana zaidi kuliko katika nchi nyingi za dunia. Huanza polepole: ugali hukwama, baadaye hata uji hupita kwa shida, na mwili hukonda. Wengi husema ni kiungulia tu, wakaendelea kunywa mizizi na vidonge, wakafika hospitali wakati umekwisha kupita. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee wa nyumbani akianza kuacha ugali na kutaka uji tu, msingoje mavuno yaishe. Mwulizeni, kisha mpelekeni.

Na usiku wa leo, kabla hamjajinyosha, kumbukeni kibuyu. Kwaherini.