Ukingo wa Maji Haukai Mahali Pamoja

Mwalimu wa jiografia wa Chang'ombe, Dodoma, akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake ufuko wa bahari, hana budi kusafiri nao zaidi ya kilomita 400. Lakini ukingo wa maji unaosogea anao jirani. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, liko kaskazini-mashariki ya mji. Mvua za Desemba hadi Aprili hulijaza, kisha jua na upepo wa kiangazi hulipunguza.

Njia nyepesi ya kupima ni hii. Chagua alama isiyohama, kama mwamba au kona ya msingi wa nyumba. Kwa dira, shika mwelekeo mmoja, nyosha futikamba hadi majini, uandike umbali na tarehe. Mwezi ujao rudia palepale.

Hapo ndipo wengi hukosea. Tuseme ufuko unateremka mita 1 kwa kila mita 50. Maji yakishuka sentimita 80 tu, ukingo hurudi nyuma mita 40! Aliyepima Machi na tena Oktoba atatangaza kwamba bwawa linakufa, kumbe amepima kiangazi. Kwa hiyo simika majini nguzo yenye alama za sentimita, ili kila umbali uandikwe pamoja na kimo cha maji. Kimo kikiwa kilekile cha mwaka jana, na ukingo umesogea kuelekea katikati ya bwawa, basi sakafu imeinuka: tope limeingia. Kwa wavuvi na wakulima wa zabibu wa Hombolo hilo ndilo swali lenyewe, kwa maana maji yaliyopungua hurudishwa na mvua, bali tope hubaki.

Mteremko nao hupimwa kwa vifaa vya bei ndogo. Mwaka 1961 Mmarekani K. O. Emery alieleza njia ya fimbo mbili zilizo sawa kwa urefu, zenye alama za sentimita. Mpimaji husimama kwenye fimbo ya juu, akalinganisha ncha ya fimbo ya chini na mstari ambapo bahari hukutana na mbingu, kisha akasoma jicho lake liko sentimita ngapi chini ya ncha ya fimbo yake. Hicho ndicho kiasi ardhi ilivyoshuka kati ya fimbo hizo. Dodoma hatuna mstari huo, lakini mpira mwembamba uliojaa maji, ule wautumiao waashi, unatosha kabisa.

Baharini kosa lililo mfano wa lile la Machi na Oktoba hutokea ndani ya saa sita. Wakati wa bamvua, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Hata hivyo mabadiliko ya kweli yapo. Kaskazini ya jiji hilo Hoteli ya Africana iliachwa baada ya bahari kumega ardhi yake. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilifanywa hifadhi mwaka 1975. Baadaye kilipoteza miti yake yote, kikabaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yajaapo. Uchimbaji wa mchanga katika vijito vya Dar es Salaam umelaumiwa pia, kwani mchanga huo ndio ulioulisha ufuko.

Kwa miaka iliyopita tunazo picha za ndege na za satelaiti. Landsat ya kwanza ilirushwa Julai 1972, na kila nukta ya picha zake ni mraba wa ardhi wa takriban mita 80. Anayedai kwa picha hizo kwamba ufuko umerudi mita 30 anadai asichoweza kukiona. Sentinel-2, iliyoanza kazi mwaka 2015, hufikia mita 10; nayo pia haisemi maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa, isipokuwa mtu atazame saa ya picha na jedwali la maji.

Shule itakayoanza Hombolo ipake alama yake rangi isiyofutika, na daftari likabidhiwe kidato kinachofuata. Vipimo vya mwaka mmoja vitaonyesha majira tu. Tope litahitaji miaka mitano au zaidi.