Programu ya Bure, Fundi wa Kulipwa
LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyoanza mwaka 2010, hupakuliwa bila malipo, lakini faili la mahesabu likigoma kufunguka usiku wa kufunga hesabu, mwenye duka hana wa kumpigia simu. Makampuni makubwa yanaye wa kumpigia: kampuni ya Red Hat ilitajirika kwa kuyauzia huduma juu ya mfumo huria wa Linux, hadi IBM ikainunua mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 34. Wapo wanaohofia kwamba fedha za huduma kama hizo zitaua moyo wa kujitolea wa wanaotengeneza programu huria. Sikubaliani nao, kwani anayejitolea hana deni la kukujibu usiku huohuo, na leseni huria zinaruhusu kutoza ada ya huduma. Tena msimbo wa programu uko wazi kwa fundi yeyote. Fundi akikulangua, unamtafuta mwingine. The Document Foundation, wakfu unaosimamia LibreOffice, tayari huwapa vyeti wataalamu wa LibreOffice, ila mpango huo umelenga zaidi taasisi. Mwenye duka naye afunguliwe mlango wa kuwapata wataalamu hao, kwa bei anayoijua kabla ya kazi kuanza.