Mifumo ya biashara yatuma barua pepe zisizotakiwa, gharama yamwangukia mwenye duka

Wauzaji wa mifumo ya kuhifadhi kumbukumbu za biashara hawakosi kuitaja barua pepe wanaponadi bidhaa yao: ankara hujituma yenyewe, mdaiwa hukumbushwa bila kupigiwa simu. Kazi hizo hufanyika kweli. Lakini malalamiko mazito ya watumiaji yanahusu zaidi barua zilizokwenda wakati hazikutakiwa kwenda, kuliko zile zilizokwama.

Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya magari mjini Mombasa, aliyeomba asitajwe jina, anasema hadi leo anawaomba radhi wateja wake. Fundi alichukua nakala rudufu ya hifadhidata ya duka, akaifungua kwenye kompyuta nyingine ili akague ripoti ya mauzo. Ndani yake mlikuwa na kila kitu: anwani za wateja, nenosiri la barua pepe, na ratiba ya kuwakumbusha wadaiwa kila asubuhi. Ratiba haikuzimwa. Kulipokucha, gereji zilizokwisha kulipa zikapokea barua za kudaiwa zenye nembo ya duka, na zilizokuwa na deni kweli zikapata mbili mbili, moja kutoka mfumo halisi na nyingine kutoka kwenye nakala.

Kinachomuuma zaidi ni jibu la aliyemuuzia mfumo: kwamba hakukuwa na hitilafu, programu ilifanya ilivyoagizwa. Kisha akatozwa ada ya fundi. Wateja wake, anaeleza, huchukua mali kwa kuaminiana na hulipa gari likitoka gereji. Kumdai aliyekwisha kulipa ni kumwita mwongo mbele ya wafanyakazi wake, na baadhi ya wateja hao wamehamia maduka mengine.

Mafundi wanakiri kwamba kasoro ya kutuma barua zisizotakiwa imo katika namna mifumo inavyojengwa. Muamala ukibatilishwa, hifadhidata hurudi ilivyokuwa. Barua iliyokwisha kutoka hairudi. Katika mifumo iliyofungwa triga, yaani amri inayojiendesha data inapobadilika, inayoita seva ya barua papo hapo, karani huhifadhi ankara, mfumo ukagundua ghala halina mali, muamala ukafutwa, na mteja tayari ana ankara ya bidhaa isiyokuwepo. Seva ya barua ikichelewa kujibu, mauzo ya kaunta nayo husubiri.

Saa nayo huleta matata. Seva nyingi za kukodi hufuata saa ya UTC, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kazi inayopangwa kufanyika muda mfupi baada ya usiku wa manane hapa kwetu huikuta seva ikiwa bado jana, na taarifa za mwisho wa mwezi hutoka zikiwa na tarehe isiyo sahihi.

Madhara mengine hayaonekani upesi. Huduma ya barua iliyomo ndani ya programu ya hifadhidata ya SQL Server huweka nakala ya kila ujumbe pamoja na viambatisho vyake katika hifadhidata iitwayo msdb. Asiyepanga kuzisafisha ataona diski ikijaa taratibu, na siku ikijaa kabisa hata nakala rudufu zinaweza kukosa pa kuandikwa.

Mnunuzi akiuliza kama barua zimefika, wauzaji hujibu kwa kuonyesha skrini iliyoandikwa “imetumwa”. Neno hilo lipokelewe kwa tahadhari. Jibu la 250 kutoka seva ya mpokeaji lina maana kwamba seva hiyo imeipokea barua, haisemi kama imeingia kwenye kikasha au kwenye barua taka. Tangu Februari 2024 Gmail inawataka wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenye akaunti zake wawe na SPF, DKIM na DMARC, njia za kuthibitisha mtumaji, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Akaunti ya kawaida ya Gmail huruhusiwa barua 500 kwa siku. Duka lenye wateja 700 likituma taarifa za mwezi kwa mkupuo, walio mwisho wa orodha hawapati kitu.

Kuhusu barua zinazowafikia wasiohusika, ofisa mmoja wa usimamizi wa data anashikilia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inatosha: uvujaji wenye hatari ya kweli ya madhara uripotiwe ndani ya saa 72, na faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ipi iliyo ndogo. Kwenye karatasi ni sawa. Ila saa hizo huanza kuhesabiwa anayesimamia data anapojua, na duka lisilo na daftari la barua zilizotoka linaweza kukaa miezi bila kujua kwamba taarifa ya deni la mteja mmoja ilimfikia mwingine.

Dawa yenyewe inajulikana: barua iandikwe kwanza kwenye foleni ndani ya muamala uleule, programu nyingine iitume baadaye, na kila nakala ya majaribio inyang'anywe nenosiri na ratiba kabla ya kufunguliwa. Haihitaji mtambo mpya. Huenda wauzaji wakubwa wakaanza kuiweka, lakini kwa mifumo ya bei nafuu dalili ni chache, kwa kuwa mnunuzi huuliza bei na rangi ya skrini. Hadi mikataba itakapotaja nani anabeba hasara ya barua iliyokosewa, wenye maduka wataendelea kuilipa wenyewe.